Lehemu ya Kurithi na Haki ya Ndugu Kujua

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, jioni ya familia na majirani, wakati wa sherehe za kuadhimisha kuanzishwa kwa hekalu letu



Kamati iliniomba nizungumze juu ya afya. Katika mikusanyiko kama hii tumezoea kusikia habari za kisukari na shinikizo la damu, na ni vyema, kwa kuwa maradhi hayo yamejaa majumbani mwetu. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie ugonjwa mwingine, ambao mtu huzaliwa nao, hukua nao bila maumivu yoyote, kisha siku moja moyo unamsaliti angali kijana. Ni ugonjwa wa lehemu nyingi ya kurithi. Lehemu ndiyo ile ambayo wengi wetu tunaiita kolesteroli. Nauzungumzia kwa sababu umo katika ukoo wangu, na ndugu zangu niliowaomba ruhusa, mmoja baada ya mwingine, wameniruhusu niwaambie, ila nisitaje majina.

Babu yangu mzaa baba alifia dukani mwake akiwa na umri wa miaka 47. Baba yetu alifariki akiwa na miaka 44. Mdogo wake hakufika hata 40. Kila msiba ulipata maelezo yake. Ilisemwa kwamba babu aliuawa na madeni ya msimu mbaya wa korosho. Baba, walisema, alifanya kazi mno na hakulala. Na baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza amefungua duka la pili, kwa hiyo watu walinong'ona habari za kijicho. Kwa kuwa kila kifo kilikuwa tayari na sababu yake, hakuna aliyetafuta sababu moja ya vyote vitatu. Sisi watoto tulikua tukiamini kwamba wanaume wa ukoo wetu wana bahati mbaya.

Kisha mdogo wangu wa kiume, akiwa na miaka 36, alishikwa na maumivu ya kifua alfajiri moja. Alifikishwa hospitalini mapema, akapona. Alikuwa mwembamba, hakuvuta sigara, hakunywa pombe, na tangu kuzaliwa kwake hakuwahi kula nyama wala samaki wala yai. Daktari aliyempokea alistaajabu, akaagiza kipimo cha lehemu, na ile lehemu mbaya ikaonekana imefika milimoli 7.8 kwa lita. Kwa mtu mzima, kiwango kinachozidi 4.9 kinatosha kumfanya daktari aulize habari za ukoo. Daktari huyu aliuliza. Tulikuwa ndugu watano. Tulipopimwa sote, watatu tulikutwa nao, nami nikiwamo.

Niruhusuni nieleze kwa kifupi jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi. Nilifundisha baiolojia kwa miaka mingi, na mwalimu hata akistaafu haachi ubao.

Lehemu yenyewe si sumu. Mwili unaihitaji kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni, na sehemu kubwa ya lehemu tuliyo nayo hutengenezwa na mwili wenyewe, haitoki katika sahani. Husafirishwa katika damu, na ini ndilo lenye kazi ya kuiondoa iliyozidi. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyoishika lehemu mbaya na kuiingiza ndani. Vifikirieni vipokezi hivyo kama makuli wa bandarini. Mwenye ugonjwa huu amezaliwa na takriban nusu ya makuli wanaohitajika. Meli zinatia nanga kama kawaida, mzigo unashushwa, lakini wa kuubeba hawatoshi, na unaobaki unarundikana gatini. Gati hapa ni kuta za mishipa ya damu, hasa ile myembamba inayolisha moyo. Mrundikano huanza utotoni, ndiyo maana mtu wa miaka 35 aweza kuwa na mishipa ya mzee.

Waliotufundisha hayo ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Lakini kabla yao, mwaka 1938, daktari wa Norway aitwaye Carl Müller alikwisha kuona kwamba maradhi ya moyo na vinundu vya lehemu mwilini hufuatana katika familia zile zile. Naye Avedis Khachadurian, akifanya kazi Lebanon katika miaka ya 1960, ndiye aliyeonyesha wazi namna ugonjwa unavyorithiwa.

Urithi wenyewe ni rahisi kuueleza. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, awe wa kiume au wa kike. Kila mimba ni sarafu inayorushwa upya. Mtoto wa kwanza kuupata hakumkingi wa pili. Tena ugonjwa huu hauruki kizazi: ambaye hakuurithi hawezi kumrithisha mwanawe. Kwa hiyo wale ndugu zangu wawili waliokutwa salama, watoto wao nao wako salama kwa upande wetu, na faraja hiyo nayo ni tunda la kupima.

Wazazi wote wawili wakiwa nao, mtoto mmoja kati ya wanne aweza kuupokea kutoka pande zote mbili. Huyo huwa na lehemu ya kutisha tangu uchanga, hutokwa na vinundu vya manjano kwenye ngozi, viwiko na magoti, na bila matibabu aweza kupata mshtuko wa moyo kabla ya kutimiza miaka 20. Ni jambo la nadra, ila si la nadra sana mahali ambapo watu huoana ndani ya jamii ndogo au binamu kwa binamu. Sisemi haya kwa kulaumu mila za mtu. Sisi wenyewe humu hekaluni tunajua jinsi tunavyotafuta wachumba katika mzunguko mdogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko yote tangu habari zetu zijulikane. "Lakini ninyi hamli nyama!"

Ni kweli hatuli. Wala sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba chakula hakina maana. Chakula chetu cha dengu, maharage, mboga na matunda ni zawadi kubwa kwa moyo, endapo hatukuizamisha zawadi hiyo ndani ya samli na kuikaanga. Ladu na jalebi tunazogawiana sikukuu hazina mfupa wala mnofu, na bado daktari wa moyo akiziona hatabasamu. Lakini kwa mwenye ugonjwa huu, hata kama atakula kama mtawa, chakula kitaishusha lehemu yake kidogo tu. Makuli waliopungua hawataongezeka kwa sababu ya kula bamia. Imani kwamba asiyekula nyama amekingwa ndiyo iliyowafanya wazee wetu wasipimwe kamwe, maana nani apime kitu ambacho anaamini hawezi kuwa nacho? Kadhalika, imani hiyo humgeuza mgonjwa kuwa mtuhumiwa. Mdogo wangu alipolazwa, jamaa mmoja alimvuta mkewe kando akamwuliza kama mumewe hula kuku kwa siri mjini.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu ambaye mumewe na shemejiye walifariki ghafla kabla ya kufika miaka 50, aliniuliza mwaka jana kama huu ni ugonjwa wa Wahindi. Nilimjibu kuwa sivyo. Unapatikana katika mataifa yote, na makadirio ni kwamba takriban mtu mmoja katika kila watu 250 hadi 300 anao. Ziko jamii ambazo uko zaidi kwa sababu zilitokana na mababu wachache, kama vile Makaburu wa Afrika Kusini na Wakanada wenye asili ya Ufaransa. Huko huko Afrika Kusini watafiti walilikuta badiliko moja lile lile la jeni katika familia kadhaa zenye asili ya India. Lakini hapa kwetu, bila shaka wapo wengi wa kila kabila wanaoubeba pasipo kujua, na vifo vyao huitwa presha, au kurogwa, au mapenzi ya Mungu.

Je, mtu ataujuaje? Kwa kawaida hauonekani. Hata hivyo, miili ya baadhi ya wagonjwa huandika ushahidi mahali pa wazi. Kano ya nyuma ya kisigino huwa nene na ngumu. Vinundu hujitokeza kwenye kano za vidole vya mikono. Na ukingo mweupe huizunguka mboni ya jicho kwa mtu ambaye bado hajafika miaka 45. Sisi hapa, na ndugu zetu Waislamu msikitini, tunavua viatu mlangoni. Visigino vyetu vinaonekana na kila mtu. Tena sisi Wahindu huinama tukaigusa miguu ya wazee wetu kutafuta baraka. Shangazi yangu alikuwa na visigino vinene mno, na sote tuliamini ni kwa sababu ya kusimama jikoni maisha yake yote. Mikono ya ukoo mzima ilipita hapo kila sikukuu ya Diwali.

Dalili hizo, hata hivyo, zisiwe kisingizio cha kutopima. Asiye nazo aweza kuwa nao vile vile. Kipimo ni cha damu na hakichukui muda. Mtoto ambaye mzazi wake anao apimwe kati ya umri wa miaka 5 na 10, kwa kuwa dawa zinaweza kuanza akiwa na miaka 8 hadi 10, kwa uangalizi wa daktari.

Na dawa zipo. Dawa kuu ni jamii ya statini, vidonge vinavyolifanya ini litengeneze lehemu kidogo na kuongeza vipokezi vyake. Asili yake inapendeza, hasa kwetu tusiokula nyama: mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, alichunguza maelfu ya aina za kuvu na ukungu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akakuta alichokitafuta katika ukungu uliotoka kwenye mchele wa Kyoto. Leo statini hutengenezwa na viwanda vingi, vikiwamo vya India, na kwa wengi wetu bei yake kwa mwezi haizidi tunachotumia kwa vitafunio. Zipo pia dawa mpya za sindano kwa wale ambao vidonge havitoshi, ila hizo bado ni ghali mno. Kwa wenye matatizo yaliyokwisha kuingia moyoni, nchi yetu inayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, na haitulazimu tena kufikiria ndege kabla ya kufikiria daktari.

Umuhimu wa dawa hizi unaonekana tukitazama maisha bila ya hizo. Kwa wanaume wenye ugonjwa huu wasiotibiwa, takriban nusu hupata maradhi ya moyo kabla ya kufika miaka 50. Kwa wanawake, kama 30 katika 100 kabla ya miaka 60. Nawaomba akina mama waisikie hesabu hiyo ya pili, kwani katika ukoo wetu tulidhani ni balaa la wanaume peke yao, na wanawake ndio waliochelewa kupimwa.

Wengine wana hofu na dawa ya kumezwa maisha yote. Nimeambiwa kwamba itaniharibu ini, kwamba itanimaliza nguvu, kwamba mwili utaizoea. Madhara yapo kwa baadhi ya watu, hasa maumivu ya misuli, na mtu akiyapata amwone daktari abadilishiwe dawa au kipimo chake. Jambo la hatari ni kuiacha kwa sababu majibu yamekuwa mazuri. Majibu ni mazuri kwa sababu ya dawa. Ukiiacha, lehemu inarudi palepale baada ya wiki chache. Mwanamke anayetarajia kushika mimba azungumze na daktari wake mapema, maana kwa kawaida statini husimamishwa katika kipindi hicho. Ama kuhusu mfungo, kidonge kinamezwa kwa maji wakati wowote wa usiku, hivyo ekadashi yetu haina ugomvi nacho, wala Ramadhani ya majirani zetu.

Yote haya nimeyapitia haraka, kwa sababu daktari aweza kuwaeleza vizuri zaidi yangu. Lililo gumu, ambalo daktari hawezi kutufanyia, ni kuwaambia ndugu.

Ukoo wetu umetapakaa. Tunao jamaa Mwanza na Nairobi, wengine Leicester, wengine Toronto, na waliobaki Jamnagar. Tulipopata majibu yetu, mimi na mdogo wangu tuliandika orodha ya watu wote wa damu ya babu tuliowajua, wakafika 41. Tuligawana kuwapigia simu. Nilidhani watashukuru. Wachache walishukuru. Wapo waliokata simu. Mmoja alisema tumetafuta njia ya kumchafua marehemu. Na mzee mmoja wa ukoo, ambaye namheshimu hadi leo, alitutaka tunyamaze hadi binti zetu wawili waolewe, kisha tuseme tunachotaka.

Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alijua mji wetu. Familia yenye mabinti hulinda jina lake kama duka linavyolinda mizani. Lakini tulijiuliza: huyo binti akikaa kimya miaka mitatu, kaka yake mwenye miaka 33 anayecheza kriketi kila Jumapili atakaa kwa kibali cha nani? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tukazungumza na mabinti wenyewe, wala si juu ya vichwa vyao, nao wakaamua wachumba waambiwe.

Posa moja ilivunjika. Sitawaficha hilo, wala sitasema kwamba haikuumiza; msichana yule alifunga mlango wa chumba chake kwa siku nyingi. Posa ya pili haikuvunjika. Mama mkwe mtarajiwa alikuja na maswali aliyoyaandika kwenye karatasi, akauliza hata ikiwa mchumba mwenyewe apimwe, naye akapimwa. Hakuwa nao. Wameoana, wana mtoto mmoja wa kike ambaye atapimwa atakapofikisha umri. Katika wale 41, waliokubali kupimwa hadi leo ni 26, na 11 kati yao wamekutwa nao. Yule mcheza kriketi ni mmoja wao. Anameza dawa na bado anacheza.

Lipo jambo moja la kuchekesha, nalo lina faida kwa yeyote atakayeandika orodha kama yetu. Shangazi yangu alipohojiwa kliniki alimwambia muuguzi kwamba "kaka" alifariki mapema na "mama" yuko hai. Muuguzi akaandika kama alivyosikia. Kumbe shangazi alikuwa akisema Kigujarati katikati ya Kiswahili: kwetu "kaka" ni ndugu wa kiume wa baba, na "mama" ni mjomba! Mjomba hana uhusiano wowote na damu ya babu mzaa baba, na mchoro wa ukoo ukapotoka hadi binti yake aliposahihisha. Semeni "ndugu wa baba", semeni "ndugu wa mama", na mtaje umri aliofariki nao.

Wengine humu wameniuliza kwa upole kama haya si karma. Mimi si mwanazuoni, na pujari wetu yupo hapa anisahihishe. Ninachojua ni kwamba nikimwambia mtoto wa miaka 8 kuwa lehemu yake ni adhabu, nimembebesha mzigo wa pili juu ya ule aliozaliwa nao. Na neno lenyewe karma maana yake ni tendo. Kumpeleka mtoto huyo kupimwa ni tendo pia.

Kamati imekubali kwamba katika siku ya upimaji wa afya itakayofanyika hapa uwanjani Jumapili ya mwisho ya sherehe, pamoja na sukari na shinikizo la damu, kutakuwa na kipimo cha lehemu. Hakuna haja ya kuja na njaa. Majirani wote wanakaribishwa, na hawataulizwa dini. Nyuma ya ukumbi kuna meza yenye karatasi za kuandikia ukoo: majina si lazima, uhusiano na umri vinatosha. Yeyote mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepata mshtuko wa moyo au kufariki ghafla kabla ya miaka 55 kwa mwanamume, au 60 kwa mwanamke, naomba aichukue karatasi hiyo leo, aijaze pamoja na wazee ambao bado wanakumbuka. Shangazi yangu atakuwa pale mezani kusaidia, akiwa na binti yake wa kutafsiri.